Shilingi ya Dodoma, kura ya St. Paul

Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, Dodoma huwa na mchezo ambao wasikilizaji wa redio wanaujua kwa moyo. Mheshimiwa anasimama, anamshukuru Mungu kwa kumfikisha siku hiyo, anampongeza Rais, anampongeza Waziri na Naibu wake, kisha dakika zake zikiwa zimebaki tatu anaingia kwenye barabara ya jimboni kwake. Asiporidhika na majibu, anatangaza kuwa atashika shilingi. Ikifika Kamati ya Matumizi anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri mpaka apewe maelezo. Waziri anajieleza, anaahidi, wenzake wanamsihi airudishe, naye anairudisha. Jioni simu inaita kutoka nyumbani: "Leo umewakalia, mheshimiwa!" Barabara inaendelea kusubiri.

Siwacheki wanaoshika shilingi. Ukisoma Ibara ya 99 ya Katiba yetu utaona kwamba Bunge haliwezi kujianzishia kodi wala matumizi mapya mpaka Rais apendekeze kupitia Waziri. Ukirudi nyuma kidogo, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Mtu aliyefungwa mikono kiasi hicho, akipata shilingi moja ya kushika, aishike. Ila mchezo huu umetuzoesha vibaya. Tumezoea kupima kazi ya mwakilishi kwa sauti yake, kwa idadi ya maswali aliyouliza, na kwa wenzetu wa Kenya, kwa idadi ya miswada aliyoiwasilisha. Bajeti tunaiona kama hotuba ya Waziri mwenye mkoba.

Ndiyo maana nataka niwapeleke mbali kidogo, St. Paul, makao makuu ya jimbo la Minnesota huko Marekani, ambako mwaka 2025 wawakilishi walikuwa na mkoba wenyewe mikononi. Kilichotokea tarehe 9 Juni mwaka huo kinaonyesha kazi ya mtunga sheria wa jimbo ni nini hasa. Na si kazi inayopendeza kutazama.

Neno "jimbo" lenyewe lina utata. Kwetu ni eneo la mbunge mmoja. Kule ni nchi ndani ya nchi, yenye gavana, mahakama ya juu, polisi na hazina yake. Mzanzibari ataelewa haraka kuliko mtu wa Bara, maana anaye Mwakilishi wake Chukwani, mbali na mbunge anayekwenda Dodoma. Minnesota ina mabaraza mawili: Seneti yenye viti 67 na Baraza la Wawakilishi lenye viti 134. Watu wote wa jimbo ni kama milioni 5.7, kwa hiyo kila mwakilishi anabeba watu elfu arobaini na kitu. Mwaka 2025 mshahara wake ulikuwa dola 51,750 kwa mwaka, na wengi wana kazi nyingine: walimu, mawakili, wakulima, wauguzi. Katiba yao inawapa siku 120 tu za vikao katika kila miaka miwili, na inawaamuru kufunga kikao cha kawaida ifikapo Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei. Wakifika hapo na kazi haijaisha, wanarudi nyumbani wakingoja gavana awaite kwa kikao maalumu.

Sisi Waswahili tuna watu wetu kule. Brooklyn Park, mji ulio pembezoni mwa Minneapolis, umejaa Waliberia na Wakenya, na Novemba 2024 mmoja wa viti vya mji huo ulichukuliwa na Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya. Vyombo vya habari vya Nairobi vilishangilia, kama kawaida yetu mtoto wa nyumbani anapopata. Wachache walieleza alikuwa anaingia kwenye nyumba ya namna gani.

Alikuwa anaingia kwenye nyumba iliyogawanyika katikati kabisa. Uchaguzi ule ulizaa wawakilishi 67 wa chama cha DFL, ambacho ndicho Democrat cha Minnesota, na 67 wa Republican. Kabla hata ya kuapa, mahakama ikatengua ushindi wa mteule mmoja wa DFL kwa kuwa hakuwa mkazi wa eneo lake. Hesabu ikawa 67 kwa 66. Kikao kilipofunguliwa tarehe 14 Januari 2025, DFL wakasusa ili kuvunja akidi. Republican wakajichagulia Spika wao, Lisa Demuth, na kuanza kazi kana kwamba nyumba ni yao. Tarehe 24 Januari Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema akidi ni 68, hivyo yote yaliyofanyika ni bure. Tarehe 6 Februari wakaketi pamoja baada ya makubaliano: Demuth abaki Spika, na uchaguzi wa marudio ukirudisha sare basi kamati nyingi ziwe na wenyeviti wawili wawili, mmoja kila upande. Machi DFL wakakirudisha kile kiti. Sitini na saba kwa sitini na saba. Muswada wowote ulihitaji kura 68. Upande mmoja ungeweza kupiga kelele mpaka Krismasi bila kupitisha hata sentensi moja.

Kwa mtu aliyezoea bunge la chama kimoja chenye asilimia tisini ya viti, hali hiyo inasikika kama balaa. Mimi naiona kama darasa, kwa sababu katika nyumba ya namna hiyo huwezi kujificha nyuma ya wingi.

Nianze na miswada, maana hapo ndipo tunapodanganyika zaidi. Kwa kila awamu ya miaka miwili, miswada inayowasilishwa St. Paul inahesabika kwa maelfu. Mwakilishi anaweza kuwa mwasilishaji mkuu wa miswada arobaini na asipitishe hata mmoja kwa jina lake, na bado akawa amefanya kazi nzuri. Mwingine anaweza kujitapa na miswada mitano iliyosainiwa, kumbe mitatu ni ya kubadilisha jina la daraja. Muswada unaogusa fedha ukifika kwenye kamati, kwanza unatafutiwa bei. Wizara husika inakadiria gharama zake za mwaka huu, mwaka ujao na miaka miwili inayofuata, na ofisi ya bajeti ya bunge inasimamia makadirio hayo. Wengi huishia hapo. Hakuna kura inayopigwa wala mtu anayelaumiwa; bei imetoka, kapu halina fedha, basi.

Ambao haufi husikilizwa, mashahidi wakatoa machozi yao, halafu mwenyekiti anatamka maneno ambayo mgeni huyaona kama heshima: muswada unawekwa kando kwa uwezekano wa kuingizwa. Kuingizwa wapi? Kwenye muswada mkubwa wa sekta, ule unaobeba fedha zote za elimu, au zote za afya, au zote za uchukuzi. Mimi nauita muswada wa kapu. Kila mwenye kamuswada kake anasogea na kukaomba kaingie kapuni. Kakiingia, jina lake linapotea, kanabaki kifungu cha kumi na mbili cha ibara ya tano katika muswada wenye jina la mwenyekiti. Sheria inapita, jina la aliyehangaikia halionekani popote isipokuwa kwenye kumbukumbu za kamati. Anayehesabu miswada kwa majina anahesabu maganda.

Na ukubwa wa kapu haupangwi na wenye miswada. Mara mbili kwa mwaka wizara ya fedha ya jimbo inatoa makisio, yanayoitwa ya Novemba na ya Februari: tutakusanya kiasi gani, sheria zilizopo zitatugharimu kiasi gani, itabaki nini. Gavana anatoa mapendekezo yake Januari, lakini ni mapendekezo tu. Bunge linaweza kuyatupa na kuandika ya kwake, jambo ambalo Dodoma ni ndoto. Baada ya makisio ya Februari, viongozi wanapanga kile ambacho wachumi wetu wanakiita ukomo wa bajeti: elimu mtapata nyongeza hii, afya mtapunguza hiki, uchukuzi mtabaki mlipo. Kamati inapewa namba, na kazi yake ni kupanga ndani ya namba hiyo.

Sasa angalieni namba zilivyogeuka ndani ya miaka miwili. Mwanzoni mwa 2023 makisio yalionyesha ziada ya dola bilioni 17.5. DFL walishika mabaraza yote mawili na ugavana, Seneti kwa kura moja tu, 34 kwa 33. Wakapitisha karibu kila walichokuwa wakikiota kwa muongo mzima: chakula cha bure shuleni kwa kila mtoto bila kuuliza kipato cha mzazi, likizo ya ugonjwa na uzazi yenye malipo, leseni ya udereva bila kujali hadhi ya uhamiaji, na kuwaruhusu wahamiaji wasio na vibali kujiunga na MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa watu wa kipato cha chini, kuanzia Januari 2025. Spika aliyeendesha kazi hiyo alikuwa Melissa Hortman, wa Brooklyn Park. Bajeti ya miaka miwili ikafika kama dola bilioni 72.

Makisio ya Februari 2025 yakasema: kwa miaka miwili inayokuja kuna ziada ndogo ya dola milioni 456, na miaka miwili itakayofuata kuna pengo la dola bilioni 6.

Zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ya ile ziada ilikuwa fedha ya mara moja, iliyozaliwa na misukosuko ya korona na mapato ya kodi yaliyopanda ghafla. Lakini kuna sababu nyingine, na hii ndiyo ambayo kila mtunga sheria angepaswa kuikariri: muswada uliopitishwa mwaka wa neema unarudi kila mwaka kudai chake. Watoto walikula shuleni kuliko ilivyokadiriwa, na wahamiaji waliojiandikisha kwenye bima walizidi makadirio. Gharama za elimu maalumu na za huduma kwa watu wenye ulemavu zikapanda kuliko mapato. Mafanikio yenyewe yalileta bili.

Kwenye hizo huduma za watu wenye ulemavu ndipo bajeti inapowagusa jamaa zetu moja kwa moja. Waulizeni Wakenya, Waliberia au Wasomali wa Minnesota wanafanya kazi gani. Wengi watawajibu kwamba wanahudumia wazee na walemavu, majumbani mwao au katika nyumba za pamoja, na wapo wanaoziendesha nyumba hizo wenyewe. Malipo yanatoka kwenye fungu la jimbo na la serikali kuu, na viwango vyake viliwekwa kupanda kufuatana na gharama za maisha. Gavana Tim Walz, mtu wa DFL na rafiki wa vyama vya wafanyakazi, ndiye aliyependekeza Januari 2025 kwamba upandaji huo uwekewe ukomo wa asilimia 2 kwa mwaka. Asilimia mbili! Haina maandamano, haina wimbo. Lakini ndani ya tarakimu hiyo kuna mshahara wa mama wa Kisii anayemgeuza mgonjwa saa nane za usiku. Mwakilishi anayemjali huyo mama hahitaji kutunga muswada wa "Kuwaheshimu Wahudumu". Anahitaji kukaa kwenye kamati ya huduma za jamii saa tano usiku na kujua mstari upi ubadilishwe, na fedha ya kuubadilishia itoke mstari upi mwingine. Hilo la pili ndilo linalowashinda wengi, maana kila mstari una mama wake.

Mazungumzo ya 2025 yalikwama hasa kwenye ile bima ya wahamiaji. Republican walitaka ifutwe kabisa, kwa watoto na kwa wakubwa. DFL walitaka ibaki. Tarehe 15 Mei viongozi wanne, Walz, Demuth, Hortman ambaye sasa aliongoza DFL katika Baraza, na Erin Murphy aliyekuwa akiongoza Seneti, walitangaza makubaliano: watoto wabaki, watu wazima watolewe mwishoni mwa mwaka. Kwa bei hiyo chakula cha shule kikabaki na likizo yenye malipo ikabaki, na mengine mengi ambayo upande wa pili ungependa kuyafyeka. Wakati wanatangaza, wawakilishi wa DFL wenyewe, wengi wao weusi, Walatino na Waasia, walikuwa nje ya mlango wakiugonga na kupaza sauti za kupinga. Ilikuwa aibu ya wazi, na walikuwa na haki ya kuifanya.

Mei 19 kikao cha kawaida kikafungwa bajeti ikiwa nusu. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, kama wetu. Minnesota inajua gharama ya kuvuka tarehe hiyo mikono mitupu. Mwaka 2011 serikali ya jimbo ilifungwa siku 20: hifadhi na viwanja vya kambi vilifungwa katikati ya kiangazi, vyoo vya barabarani vikatiwa kufuli, na kampuni ya bia ya MillerCoors ikaambiwa iondoe chapa zake madukani kwa sababu usajili umekwisha na mtu wa kuuhuisha yuko nyumbani bila mshahara. Watu walivumilia mengi, lakini bia nayo? Ndani ya siku chache makubaliano yakapatikana. (Sidai kwamba bia ndiyo iliyoamua. Nasema tu kwamba nchi nyingi zingepata bajeti mapema kama zingejua pa kubana.)

Gavana akaitisha kikao maalumu cha siku moja, Jumatatu ya tarehe 9 Juni. Bajeti nzima ya miaka miwili, kama dola bilioni 66, ikapitishwa kapu baada ya kapu. Kodi ya bangi, ambayo kule ni halali, ikapanda kutoka asilimia 10 hadi 15. Gereza kongwe la Stillwater likapangiwa kufungwa ifikapo 2029. Mkopo wa dola milioni 700 kwa ajili ya miradi ya ujenzi ukapita, ingawa sheria ya mikopo inadai asilimia 60 ya kura, yaani 81 katika Baraza, hivyo hakuna chama kingeweza kuupitisha peke yake. Na ukawepo muswada mmoja uliosimama peke yake, bila kapu la kuuficha: wa kuwaondoa wahamiaji wazima kwenye bima.

Republican walikuwa 67. Ilihitajika kura ya 68, na ilipaswa kutoka DFL.

Aliyeipiga ni Hortman. Peke yake. Matokeo: 68 kwa 65. Katika Seneti, ambako DFL walikuwa na wingi wa kura moja, Murphy naye alipiga ndiyo pamoja na wachache wa chama chake. Lakini katika Baraza alikuwa mwanamke mmoja tu, yule yule ambaye miaka miwili nyuma akiwa Spika aliisimamia bima hiyo ikawa sheria. Alipoongea na waandishi baadaye alikuwa analia, akisema anajua kuna watu watakaoumizwa na kura ile.

Kwa nini yeye? Kwa sababu kiongozi aliyesaini makubaliano hakuwa na haki ya kumtwisha mwingine mzigo huo. Angeweza kumtafuta mwakilishi mpya kutoka eneo lenye ushindani, akamshawishi, akamwahidi cheo. Vyama hufanya hivyo kila siku. Dodoma tunaita kuwekana sawa. Hortman aliwaachia wenzake wote nafasi ya kupiga hapana na kurudi kwa wapiga kura wao wakiwa safi. Uchafu akaubeba mwenyewe.

Wako wanaosema alisaliti, na hoja yao si nyepesi. Watu waliopoteza bima walikuwa maelfu, wanaolipa kodi, wanaosafisha ofisi na kuchuna nyama viwandani. Hawana kura. Mtu asiye na kura ndiye wa kwanza kutolewa kapuni pale kapu linapojaa, na bunge linalokubali hilo mara moja litalikubali tena. Isitoshe, mgonjwa wa kisukari asiye na bima haachi kuugua. Anakwenda chumba cha dharura, na gharama inarudi kwa mlango wa nyuma. Hoja hiyo ya mwisho ni ya kibajeti, na sikusikia jibu lake la kuridhisha kutoka upande wa Republican.

Hata hivyo nasimama na Hortman, kwa sababu moja. Waliopiga hapana siku ile walijua kwamba muswada utapita. Hapana yao ilikuwa salama kwa kuwa kulikuwa na ndiyo yake. Laiti angeungana nao, tarehe 1 Julai ingewakuta na serikali iliyofungwa, na mama wa Kisii wa saa nane za usiku, ambaye mshahara wake unapita kwenye fungu la jimbo, angekuwa miongoni mwa wa kwanza kuishi kwa wasiwasi. Kule Dodoma mheshimiwa anashika shilingi akijua ataiachia. St. Paul shilingi ilikuwa ya kweli, na kuishika kulikuwa na gharama ambayo mtu mwingine angeilipa.

Lakini nisiwafanye watu wa Minnesota malaika. Makubaliano yale yalipikwa chumbani na watu wanne, na watunga sheria karibu mia mbili waliobaki, pamoja na yule wa kwetu wa Brooklyn Park aliyekuwa kwenye kikao chake cha kwanza, wakaletewa sahani. Uzoefu huo nao si mpya. Mei 2024, dakika za mwisho za kikao, DFL walipitisha muswada mmoja wa kurasa zaidi ya 1,400 uliobeba kodi, uchukuzi, afya, bunduki na mengineyo, huku Republican wakipiga kelele kwamba hawajapewa nafasi ya kuujadili. Katiba ya Minnesota inasema kila sheria iwe na jambo moja tu. Agosti 2025 jaji wa mahakama ya chini alikitengua kifungu kimoja cha bunduki kilichochomekwa humo, kwa sababu hiyo hiyo. Muswada wa kapu una faida yake, ndio unaowezesha kila mmoja kutoka na kitu. Ukizidi ukubwa unakuwa gunia, na kwenye gunia huwezi kujua kilichomo mpaka ufike nyumbani.

Na hapa Wakenya wana la kuwafundisha Wamarekani. Juni 2024 wananchi waliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwenye simu zao, mkate ukajadiliwa, mafuta ya kupikia yakajadiliwa. Tarehe 25 wakaingia barabarani, damu ikamwagika, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Wabunge waliopiga ndiyo waliorodheshwa kwa majina. Sipendi kwamba ilibidi watu wafe ndipo bajeti isomwe. Ninachosema ni kwamba St. Paul mkutano wa kamati huonyeshwa moja kwa moja mtandaoni, nyaraka zote zimewekwa wazi, na bado watu wanaofuatilia mstari wa huduma za walemavu mpaka mwisho ni wale wanaolipwa kuufuatilia. Mlango uko wazi, wageni ni washawishi.

Tarehe 14 Juni, siku tano baada ya kura ile, mtu aliyejifanya polisi alifika usiku nyumbani kwa Hortman huko Brooklyn Park, akamuua yeye na mumewe Mark. Kabla ya hapo, usiku huo huo, Seneta John Hoffman na mkewe Yvette walikuwa wamepigwa risasi nyumbani kwao Champlin, wao walipona. Uvumi ulisambazwa mtandaoni kwamba Hortman aliuawa kwa sababu ya kura ya bima. Hakukuwa na ushahidi wa hilo. Nalitaja kwa sababu uvumi huo ulihitaji kura yake isomwe kama usaliti ndipo uwe na maana, na wengi walioueneza hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja wa bajeti waliyokuwa wakiizungumzia.

Tarehe 1 Julai 2025 mwaka mpya wa fedha ulianza. Hifadhi zilifunguliwa, vyoo vya barabarani vilikuwa wazi, wahudumu wa usiku waliingia zamu na kutoka. Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo, maana serikali kuendelea kufanya kazi si habari. Kiti cha Hortman kilibaki wazi mpaka Septemba, kilipojazwa kwa uchaguzi mdogo. Na usiku wa tarehe 31 Desemba, kama sheria ilivyosema, bima ya wahamiaji wazima ikakoma.